Lugha ya Misumari

Bibi yangu alijua maneno manne ya Kiswahili:
simama, lala, toa, nyamaza.
Alifundishwa kizuizini, barabara ya Bombo,
mwaka ambao hautaji kwa jina.
Tangu hapo redio ikianza taarifa ya Kiswahili
aliizima kwa mkono mzima, kama anayenyonga kuku.

Basi siku Meja Ezati Adriko alipoingia Kyamusota
na malori mawili ya kikosi cha wahandisi,
mtu wa Arua, Kiganda hajui hata cha kuombea maji,
akasema kwa sauti ya aliyekosa usingizi,
"Hamjambo. Tumeleta mbao,"
Bibi aliingia ndani, akaegemeza kinu mlangoni.

Mbao zilikuwa mbao kweli.
Tulizigonga ili tuamini.

Kinamasi chetu kilikuwa na mafunjo na deni.
Kila masika kilidai baiskeli, au ndama.
Mwaka uliotangulia kilimdai Nakibuule, na uchungu wa uzazi,
amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba,
bati la zahanati likimetameta ng'ambo,
karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo yake.
Diwani alikwisha ahidi daraja mara tatu.
Mara tatu tulikula mbuzi wake.

Meja alipima kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia ulikuwa na vidole vitatu,
viwili alivisahau kaskazini, njia ya kisimani,
alikokuwa akitegua mabomu ya ardhini.
"Nilihesabu mia nne na kumi," alituambia,
"la mia nne na kumi na moja likanihesabu mimi."
Kisha akauma msumari kwa meno, akaendelea:
"Nilichoka kutoa vitu ardhini.
Nikaomba nipewe kazi ya kuviweka."

Wiki ya tatu Bibi alitoka.
Si kwa upendo. Kelele zilimchosha.
Alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akamfokea kwa Kiganda
kwamba mtu gani anapigilia na jua halijachomoza,
na hiyo *ennyondo* yake, na hiyo *misumaali* yake!
Meja akanyanyua uso, taratibu.
"Nyundo," alisema.
"*Ennyondo*," alisema Bibi.
"Msumari."
"*Omusumaali*."
"Meza? Kitabu? Saa?"
Bibi akaketi juu ya gogo.
Kumbe miaka yote ile alikuwa analala nayo kinywani,
lugha aliyoifungia mlango kwa kinu.

Malori yaliondoka Agosti. Yeye alirudi Desemba,
likizo yake, bila sare, kandambili miguuni,
akachimba choo cha shule na wavulana wa darasa la saba
akiwafundisha pembe mraba kwa kamba yenye mafundo:
tatu, nne, tano.
Alirudi mwaka uliofuata. Na uliofuata.
Mkewe alimwandikia, tulisikia, barua kali:
paa la nyumbani Arua linavuja.
Hilo nalo niliseme. Watu wema huvujisha mahali fulani.

Alistaafu na cheo kilekile.
Alikufa kwa presha, Jumanne, akifunga tangi la maji la jirani.
Habari zilitufikia baada ya siku arobaini,
zimechakaa kama noti ya mia tano.
Kijiji hakikujua kufanya nini.
Ssebuguzi alipaka lami nguzo za daraja, zote, peke yake,
akarudi nyumbani mikono meusi, asiseme na mtu.

Ubao wa saba unalia hadi leo ukiukanyaga.
Mafundi wametaka kuukaza. Tumewakataza.
Meja mwenyewe aliuacha hivyo makusudi:
"Usiku mtajua kama kuna anayekuja."

Jana nilimvusha Bibi kwenda zahanati.
Katikati ya daraja alinishika kiwiko.
"Simama," alisema, kwa Kiswahili,
nami moyo ulinipasuka kidogo,
nikadhani anaumwa.
Alitaka tu tusikie maji yakipita chini.